Mistari Shingoni mwa Baba

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, Iringa mjini, nimeinamia simu, mara nyuma yangu ikaja sauti ndogo ya upepo unaopita mahali penye maji. Fyuu, kisha kimya, kisha fyuu tena. Dada aliyekuwa mbele yangu aligeuka akatazama nje, nadhani alifikiri ni birika la mama wa chai. Mimi sikugeuka. Nilijua ni mtu, na nilijua anapumulia wapi. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kuusugua ukingo wa begi, taratibu, kwenda na kurudi, kama vinasafisha kitu kinachouma.

Watu walimpisha, na alipofika dirishani ndipo nikamtazama. Mzee mrefu, koti la mtumba, skafu ya sufu iliyofungwa kwa ulegevu. Aliingiza kidole katikati ya skafu, akaziba kitundu, akaomba bandeji. Msichana wa duka hakumsikia, akamwambia arudie. Akarudia. Nikatoka kwenye foleni bila kununua nilichokwenda kununua.

Wiki kadhaa zimepita na bado nimechoka. Uchovu huu naujua, si wa kazi wala wa safari. Ni ule wa nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu. Mtoto huuvuta kifuani kama moshi wa kuni mbichi, na akishakuwa mtu mzima anaendelea kuutoa kidogo kidogo, mahali ambapo hakutegemea.

Tulikaa Mafinga, upande ule ambao malori ya magogo hupita yakitoka msitu wa Sao Hill. Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani kwetu, mabati manne juu ya nguzo, na mimi nilijifunza kutembea kwenye maranda yake. Nguo zetu, uji wetu, hata shuka za kitandani, vyote vilinukia utomvu wa paini. Sikujua kwamba hiyo ni harufu mpaka nilipolala kwa watu wengine.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote pale karakanani kilikuwa kupiga uzi. Baba alivunja betri kuukuu za redio, akauchovya uzi mrefu kwenye ule unga mweusi wa ndani. Yeye anashika ncha hii, fundi Lazaro, aliyekuwa akifanya naye kazi, anashika ile, wanaulaza juu ya ubao, baba anauvuta juu kwa vidole viwili na kuuachia. Tap. Ubao unabaki na mstari mweusi ulionyooka kuliko kitu chochote duniani. Na ubao ukishapigwa uzi, basi. Mtu wa msumeno akifika hasemeshwi, kwa sababu mashine ikishaunguruma hasikii neno. Anasoma mstari, anakata. Kama fundi amebadili mawazo, dawa yake ni moja tu: awahi na kitambaa chenye maji, aufute mstari kabla mtu wa msumeno hajafika. Niliwahi kumwona baba akikimbia kutoka mezani, tonge bado mkononi, akaufuta ubao wa mninga ambao mteja alikuwa amepiga simu dakika hiyo kubadili vipimo vyake. Aliporudi kula alikuwa anacheka kama mtu aliyemwokoa mtoto mtoni.

Ugonjwa ulianza na sauti. Ilikwaruza, wakasema ni vumbi la mbao. Wateja kwenye simu walimtania kwamba ameanza kunywa asubuhi. Akanywa tangawizi na asali, akasukutua maji ya chumvi, akaombewa kanisani, akapewa mizizi na mtu wa Nyololo ambaye bibi alimwamini. Kisha chini ya sikio kukatokea uvimbe mgumu, kama kokwa la parachichi. Hapo ndipo walipokwenda hospitali, na kwa kuwa pumzi ilikuwa tayari inamkatika, hospitali walimtoboa koo wakamwekea bomba dogo la kupumulia. Baba aliondoka na sauti mbovu akarudi na mluzi. Akitaka kusema alilazimika kuziba bomba kwa kidole, na kila neno alilotoa lilikuwa pumzi aliyojinyima. Kwa hiyo aliacha kusema.

Kisha wakashuka naye Dar es Salaam kwenye mionzi. Ilikuwa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya wiki moja, halafu arudi nyumbani kupumzika wiki mbili, ndipo aende ya tatu. Daktari alikuwa amewaambia, yeye na mama, kwamba uvimbe umeshakuwa mkubwa mno kuondoka. Mionzi hii ilikuwa ya kuunyamazisha tu, damu ikome, maumivu yapungue, njia ya kumezea ifunguke kidogo. Hayo niliyajua baadaye sana. Wakati ule mimi na bibi, mama yake baba aliyekuja kunilea, tuliambiwa kwamba baba anatibiwa, na ya tatu ikipita atameza.

Kumeza ndilo lilikuwa jambo kubwa la nyumba yetu. Baba aliishi kwa uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na nusu yake ilirudi kwenye leso. Ilikuwa masika, mianzi inachuruzika, na bibi alileta ulanzi wa siku hiyohiyo, ule mtamu usiolevya tunaouita mtogwa, ambao hata watoto hunywa. Baba alikipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akakinusa kwa muda mrefu. Halafu akanipa mimi. Nilikunywa chote huku ananitazama, na sijawahi kuona aibu kama ile, ingawa sikujua aibu ya nini.

Basi alirudi kutoka Dar na mistari shingoni. Ilikuwa ya wino wa zambarau. Msalaba mdogo chini ya kila sikio, na mstari mrefu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukiupita uvimbe. Wataalamu walikuwa wamesema mistari isiguse maji, wala sabuni, wala mafuta, mpaka atakaporudi. Mama alimwogesha kila asubuhi akiizunguka. Alikamua kitambaa mpaka tone la mwisho, akapita chini ya mstari, juu ya mstari, pembeni ya msalaba, na pumzi yake mwenyewe ameibana. Nyumba nzima iliheshimu ile mistari. Hakuna aliyenieleza ni ya nini.

Fundi Lazaro ndiye aliyenieleza, bila kujua. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akasalimu kamwene, kamwene, akaketi mkabala na baba, akaitazama shingo kwa jicho la kazi.

“Fundi, leo wewe ndiye ubao,” akasema. “Wamekupiga uzi kabisa.”

Mabega ya baba yalitikisika. Mama akamwambia Lazaro anywe chai yake. Lakini Lazaro alikuwa ameona rafiki yake anacheka kwa mara ya kwanza tangu bomba lile, na hangeweza kuacha.

“Hawa wa Dar wananyoosha kuliko sisi. Bado msumeno tu.”

Wote wakacheka, hata bibi. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya viazi mkononi.

Siku zilizofuata nilifanya hesabu zangu kimya kimya. Nilimuuliza bibi baba amebakiza mara ngapi, akasema moja, ile ya mwisho. Ikajipanga yenyewe kichwani: mara ya kwanza kupima, mara ya pili kupiga uzi, mara ya tatu kukata. Nilielewa kwa nini mama hatabasamu. Nilielewa kwa nini mistari isiguswe na maji. Kwamba watu wazima wanajua na wananyamaza halikunishangaza, maana walikuwa wananyamazia kila kitu. Sikumwambia mtu. Mtu wa msumeno hasikii maneno, na watu wa Dar, kwa nilivyowafikiria, wasingesikia ya mtoto wa darasa la pili.

Siku yenyewe mama alikuwa amekwenda kupalilia, bibi yuko kwa jirani. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Baba alikuwa barazani kwenye kiti, maana kulala chali kulimkaba, amelewa ile dawa ya maji ya maumivu ambayo ilimpa saa mbili au tatu za usingizi mzito. Nilipasha maji moto kwenye sufuria. Nikachukua kipande cha sabuni na fulana yangu laini kuliko zote.

Ngozi ya shingo yake ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi zaidi ya uso, ngumu kama ngozi ya kiatu, na ilikuwa na harufu yake. Nilianza na msalaba wa kulia. Nilikamua kitambaa kama nilivyomwona mama akikamua, nikazuia kwa kiganja ili tone lisiteleze kuelekea kwenye bomba. Nilisugua kila alipovuta pumzi na kuacha kila alipoitoa. Wino ulikuwa mkaidi. Uligeuka bluu, ukawa kijivu, ukawa kivuli, kisha haukuwapo. Mstari mrefu ulinichukua muda kuliko misalaba yote miwili. Tangu siku ile nimefanya kazi nyingi, nyingine nikapongezwa kwa hizo, lakini hakuna niliyoifanya kwa uangalifu ule. Nilikuwa na furaha tele. Nilikuwa nimewahi.

Alifumbua macho nikiwa nakausha. Ilimchukua muda. Aligusa shingo, akatazama vidole vyake, akatazama fulana yangu. Akainua kidole kwenye bomba.

“Mama,” akasema, maana mimi nilipewa jina la mama yake na ndivyo alivyoniita. “Umefanya nini?”

“Nimekufuta. Mtu wa msumeno akija asione pa kukata.”

Nilifikiri hakunisikia, nikaanza kumweleza tena, kuhusu Lazaro na mara ya tatu, na hapo mabega yake yakaanza kutikisika, na bomba likapiga mluzi mwembamba wa juu, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta damu kidogo kwenye leso. Alipotulia alinivuta mpaka nikawa kati ya magoti yake.

“Si wa msumeno,” akasema. Akapumzika. “Ni wa taa. Wanamulika hapo.” Akapumzika tena. “Kwingine kusiungue.”

Nilielewa yote kwa mara moja, jinsi mtoto anavyoelewa. Niliangalia ile sufuria ya maji ya zambarau. Nilitaka kuyarudisha. Nilianza kulia, akaniwekea kiganja mdomoni bila ukali, kwa sababu mama alikuwa anaingia uani na jembe begani.

Mama aliona kabla hajalitua. Akauliza nani amefuta.

“Mimi,” baba akasema. “Nilisahau. Jasho. Nikajifuta na maji.”

Maneno sita. Zilikuwa siku nyingi hajasema sita kwa mfululizo. Aliyatoa yote, kidole kikiwa juu ya bomba, na alipomaliza alikuwa na jasho kweli.

Mama hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi ya baraza na miguu yake ya matope, akatazama barabara.

“Siku tisa nakuosha kama yai, Baba Rehema,” akasema. “Siku tisa.”

Kisha akaingia ndani kutafuta kadi yenye namba ya hospitali. Yule aliyepokea simu alimwambia waende siku ileile iliyopangwa, lakini itabidi wapimwe na kuchorwa upya, na kwa kupimwa kuna foleni. Mama alisema ahsante mara tatu.

Foleni hiyo iliwaweka Dar siku nane, kwenye benchi la ukumbini mchana na kwa ndugu wa mbali wakati wa kulala. Baba alitoka damu mara mbili wakingoja. Niliyasikia mama akimsimulia bibi waliporudi, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya, koo limeungua, hata uji akaukataa. Halafu alasiri moja, msimu wa ulanzi unaelekea mwisho, bibi alimletea tena kikombe. Akanywa funda moja, akangoja. Tukangoja wote. Akanywa la pili. Alikunywa nusu kikombe, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono kama alivyokuwa akifanya zamani akitoka kazini. Baada ya hapo alikula viazi vya kupondwa, kisha ugali laini na maziwa mgando. Damu haikurudi. Alikula pamoja nasi mpaka mahindi yalipokauka shambani, na wakati huo ndipo alipofariki.

Watu wazima walisema amepata nafuu kubwa, amekwenda akiwa ameshiba. Mimi nilikuwa nangoja ile sehemu nyingine, ya kupona, na ilipokosekana nilijua imekwenda wapi. Nilikuwa nimeifuta kwa fulana. Niliondoka Mafinga na hilo, nikalipeleka bweni, nikalipeleka chuoni, nikawa nalibeba kama mtu anavyobeba jiwe mfukoni, mpaka suruali inakaa upande na yeye mwenyewe haoni tena.

Baada ya yule mzee wa dukani nilipanda basi kwenda Mbeya. Mama siku hizi anakaa Uyole, analima viazi kidogo na kuuza mwenyewe. Nilimkuta anamenya. Nilichukua kisu cha pili, nikamenya vitatu vinne, kisha nikamwambia kwamba ni mimi niliyefuta ile mistari.

Kisu chake hakikusimama. “Nilijua,” akasema.

Nilimuuliza kama zile siku nane ndizo zilizomuua. Alinitazama kidogo kama anapima nina umri gani sasa. Akaniambia kwamba daktari alishamwambia kabla sijashika sabuni yoyote. Hapakuwa na mara ya tatu ya kumponya. Alikuwa anatafuta kumeza, na alimeza. Nikamuuliza basi kwa nini alimwacha baba aseme uongo ule, na pumzi yenyewe hana.

“Alifurahi kukukingia kifua,” mama akasema. “Hakuwa amebaki na kingine cha kukufanyia. Ningemnyang'anya hata hicho?”

Aliosha viazi, akabandika. Alijua lini, nikauliza. Asubuhi ile ya safari, akasema, na hakusema zaidi, kwa sababu nilikuwapo.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kizingiti. Baba aliketi ukingoni mwa kitanda, amevaa koti, viatu vimefungwa. Mama alikuwa jikoni anajaza chupa ya chai. Niliingia na kalamu yangu ya shule, ya bluu. Nilimwambia nakumbuka ilikuwa wapi. Na nilikumbuka kweli, nusu kidole kwa nusu kidole, hakuna aliyeijua ile shingo kama mimi. Alitazama upande wa jikoni. Kisha akafungua kola, akainamisha kichwa pembeni kama mtu aliyekaa kwa kinyozi.

Nilianza na msalaba wa kulia. Kalamu iliteleza bila kuandika, nikaipasha kwa pumzi, nikarudia. Mshipa wake uliinua ncha ya kalamu na kuishusha. Mstari mrefu ulipofika kwenye uvimbe ukapinda, nikajaribu kuunyoosha, ukapinda zaidi. Yeye, ambaye angerudisha ubao kwa kosa la upana wa unywele, alinyamaza. Nilipomaliza upande huu akageuza kichwa akanipa mwingine.

Mama aliingia na skafu. Akaiona shingo, akaiona kalamu, akaniona mimi. Baba akatazama ukutani, anakuna goti. Nilisimama pale nikingoja kofi.

Mama aliikunjua ile skafu, ambayo siku zote aliifunga kwa kubana kwa sababu ya baridi. Akaizungusha taratibu, raundi moja, vidole vyake vikiwa ndani, vikiinua kitambaa kisiguse ngozi, chini ya mstari, juu ya mstari, pembeni ya msalaba. Akafunga fundo kwa mbele, legevu. Akaniambia nisimwache bibi achote maji peke yake. Baba alitangulia kutoka, mama akachukua begi na chupa ya chai, akapita, akauvuta mlango nyuma yake.